Aliyefungiwa Lango: Mjadala juu ya Koo Zilizogombea Italia

Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa hii: uhasama wa koo tawala uliijenga Italia kuliko ulivyoibomoa. Mtetezi wake ni Mwalimu, mstaafu aliyefundisha historia mpaka mvi zikamkuta darasani. Anayepinga ni Mhasibu, mama aliyefanya kazi benki kwenye dawati la mikopo, ambaye haamini sifa za mtu yeyote mpaka aone daftari lake la hesabu. Wa tatu ni Wakili, kijana aliyeombwa amsaidie Mwalimu akaishia kwingine kabisa. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Mwenyekiti mzuri hunyamaza. Msomaji atajionea kwamba sifa hiyo sina.

MWALIMU: Mheshimiwa mwenyekiti, wasemaji wenzangu, nianze na ramani. Mwaka 1454 Milano na Venezia zilitia saini amani mjini Lodi, na wengine wakafuata. Ukiitazama rasi ya Italia baada ya hapo unaona wakubwa watano: Milano ya Sforza, Firenze ya Medici, Venezia na jamhuri yake, Roma ya Papa, na Napoli ya wafalme wa nasaba ya Aragon. Katikati yao wamebanana wadogo: Este wa Ferrara, Gonzaga wa Mantova, Montefeltro wa Urbino, Malatesta wa Rimini. Hakuna aliyempenda jirani yake. Kila mmoja alitaka ikulu, maktaba na mchoraji wa kumtia jirani wivu. Sasa mfikirieni fundi. Leonardo alitoka Firenze mnamo 1482 akaenda Milano kwa Ludovico Sforza. Mantegna alikaa Mantova kwa Gonzaga, akawachorea kile chumba alichokimaliza mwaka 1474, ambacho ukisimama katikati ukatazama juu unaona watu wanakuchungulia kutoka tundu la darini, na tundu lenyewe ni la kuchorwa tu. Galileo mwaka 1610 aliipa miezi minne ya sayari ya Mshtarii jina la Medici, na mwaka huohuo akahama Padova, iliyokuwa chini ya Venezia, akaajiriwa Firenze. Penye mfalme mmoja fundi ana mlango mmoja wa kubisha. Penye koo ishirini zinazochukiana, ana milango ishirini.

MHASIBU: Shikamoo kwanza, Mwalimu. Sasa tuhesabu. Umefungua kitabu katikati. Firenze ilikuwa imeshaanza kujenga kabla Medici hawajawa chochote. Yale mashindano ya milango ya shaba ya mahali pa ubatizo, ambayo Ghiberti alimshinda Brunelleschi, yalitangazwa mwaka 1401 na chama cha wafanyabiashara wa nguo. Benki ya Medici wakati huo ilikuwa na umri wa miaka minne, maana Giovanni di Bicci aliianzisha 1397. Lile kuba la kanisa kuu, analolipiga picha kila mgeni, lilisimamiwa na chama cha wafanyabiashara wa sufi na likakamilika 1436. Hiyo ni michango ya watu wa kazi. Ukoo ulikuja baadaye ukaweka nembo juu ya kuta zilizokwisha kujengwa.

MWALIMU: Dada yangu, na fedha za kuchora picha zilitoka wapi? Si kwa koo?

MHASIBU: Zilitoka kwa koo, ndiyo, na hapo ndipo unapojinyonga. Chukua Palla Strozzi. Mwaka 1423 alimlipia Gentile da Fabriano ile picha ya Mamajusi iliyojaa dhahabu, ipo Uffizi mpaka leo. Orodha ya kodi ya mwaka 1427, ambayo kila mwenye kaya alitakiwa kutaja nyumba, mashamba, madeni na midomo ya kulisha, inamwonyesha kuwa tajiri kuliko wote Firenze. Mwaka 1434 Cosimo de' Medici alirudi mjini akiwa na nguvu. Strozzi akaambiwa aondoke. Akafa Padova mwaka 1462, mzee, bila kurudi kwao. Huyo ndiye mfadhili wako wa sanaa, Mwalimu. Uhasama ulimpa sababu ya kujionyesha, kisha ukamtupa nje.

Hapa niliingilia kati, nikamtaka Mhasibu awaeleze wasomaji jinsi Medici walivyotawala mji ambao kwenye karatasi ulikuwa jamhuri. Ni jambo ambalo watu hulipita haraka, na kumbe ndilo tamu.

MHASIBU: Serikali ya Firenze ilikuwa baraza la watu tisa, na kila baada ya miezi miwili linabadilishwa. Hawakupigiwa kura kama tunavyojua sisi. Majina ya wanaostahili yalitiwa kwenye mifuko, kisha yakachomolewa kwa bahati. Mtu akikuambia hivyo unasema: safi, nani ataiba hapo? Cosimo aliona tundu. Hakuhitaji kuiba jina likishachomolewa. Alihitaji kuwa na watu wake kwenye kamati inayoamua majina gani yaingie mfukoni. Hakuvaa taji, hakukalia kiti cha enzi, alivaa kama raia mwingine. Nani amemkopa, nani amelipiwa kodi, nani ameozeshwa binti kwa msaada wake, hayo yote aliyajua. Sisi tuliokaa dawati la mikopo tunamtambua mtu wa namna hiyo akiingia tu mlangoni.

WAKILI: Naomba nafasi, mwenyekiti. Nilikuja kumsaidia Mwalimu, lakini mama hapa kataja 1434 na mimi siwezi kuipita. Turudi nyuma mwaka mmoja. Septemba 1433 Rinaldo degli Albizzi, kiongozi wa kundi lililotawala, alimkamata Cosimo na kumfungia kwenye mnara wa ikulu ya mji. Cosimo akaogopa kula, akihofia sumu. Akamhonga mkuu wa baraza florini 1,000, na baadaye akaandika kwa dharau kwamba wale watu hawakuwa na akili, wangeweza kupata 10,000. Adhabu ya kifo ikageuka kuwa kufukuzwa. Akaenda Padova, kisha Venezia. Na benki ikaenda naye, kwa sababu fedha zake hazikuwa Firenze peke yake, zilikuwa pia Roma, Venezia na ng'ambo ya milima ya Alpi. Huko Venezia alijilipia maktaba ya watawa, kama mtu aliye likizo. Mwaka haujaisha vizuri, Firenze ikamwita. Zamu ya kufukuzwa ikawa ya Albizzi.

Albizzi alifanya nini? Alikwenda Milano kwa Filippo Maria Visconti, adui mkubwa wa mji wake, akamwambia: njoo, nitakuonyesha njia. Jeshi la Milano likaja, likapigwa Anghiari mwaka 1440. Sasa mimi naona kwamba ninyi wawili mnabishania kitu kisicho chenyewe. Koo kugombana si ajabu, koo zinagombana kila mahali. Ajabu ya Italia ni kwamba aliyeshindwa alitolewa nje ya lango, nyumba ikabomolewa na mali ikachukuliwa. Mtu huyo hana cha kupoteza tena. Kilichobaki ni kutafuta mgeni mwenye jeshi.

MWALIMU: Wakili, wewe ni wa upande gani?

WAKILI: Wa ushahidi, Mwalimu.

Nilicheka, na sioni aibu kuiandika. Lakini nilimtaka alete ushahidi zaidi ya mtu mmoja.

WAKILI: Nitaanza mbali. Mwaka 1216, siku ya Pasaka, kijana mmoja wa ukoo wa Buondelmonti aliuawa karibu na Ponte Vecchio na jamaa wa ukoo wa Amidei, kwa sababu alimwacha mchumba aliyekwisha kumwahidi ndoa. Wazee wa mji walihesabu mgawanyiko wa Firenze tangu siku hiyo: Waguelfi waliojiegemeza kwa Papa, Waghibelini waliojiegemeza kwa Kaisari. Mimi siamini kwamba harusi moja ilizaa vita vya miaka mia, ila chuki ilikuwa tayari ikingoja jina. Mwaka 1258 Waghibelini walifukuzwa. Kiongozi wao, Farinata degli Uberti, akakimbilia Siena, wakapata wapanda farasi Wajerumani wa Mfalme Manfred, na mwaka 1260 pale Montaperti wakaisagasaga Firenze. Baadaye washindi wakakaa Empoli kushauriana, na wengi wakataka mji ubomolewe usibaki ukuta. Farinata peke yake alisimama akakataa. Mji ukapona. Waguelfi waliporudi walimlipa nini? Nyumba za Uberti zilisawazishwa na ardhi. Farinata alikwisha kufa 1264. Mwaka 1283 alihukumiwa kaburini kwa uzushi wa dini, mifupa yake ikafukuliwa. Uwanja mkubwa mbele ya ikulu ya mji, wanakokaa watalii leo wakinywa kahawa, una eneo lililokuwa la majumba ya Uberti. Mwandishi Villani alieleza kwamba ikulu ile ilijengwa upandeupande kwa sababu hawakutaka msingi wake uguse ardhi ya wale watu.

MHASIBU: Na Dante?

WAKILI: Nilikuwa namwendea. Waguelfi walipobaki peke yao nao wakagawanyika, Weusi wakiongozwa na Donati na Weupe wakiongozwa na Cerchi. Mwaka 1302 Weusi walimhukumu Dante, kwanza faini na kufukuzwa, kisha kuchomwa moto akionekana. Mtu mpole, mtu wa vitabu. Lakini mwaka 1311 huyo huyo alimwandikia barua Kaisari Henry VII kumhimiza aache kuchelewa huko Lombardia, aje aishukie Firenze. Firenze, mji wake! Ikiwa Dante alifika huko, utamlaumu nani mwingine? Alifia Ravenna mwaka 1321 na mpaka leo Ravenna hawajarudisha mifupa.

MWALIMU: Sawa, nakubali kufukuzwa kuliuma. Ila unataka kuniambia kila njama ilitoka nje ya lango? Njama kubwa kuliko zote haikutoka nje. Pazzi walikuwa ndani ya Firenze, matajiri, wameoana na Medici. Bianca, dada yake Lorenzo de' Medici aliyeushika mji wakati huo, alikuwa mke wa Guglielmo de' Pazzi. Nimewafundisha watoto habari hii miaka mingi, na darasa lilinyamaza kila mara.

Jumapili tarehe 26 Aprili 1478, kanisa kuu limejaa. Lorenzo yupo. Mdogo wake Giuliano hayupo, alikuwa na maumivu ya mguu. Francesco de' Pazzi na Bernardo Bandini wakamfuata nyumbani kumsihi aje. Njiani wakamkumbatia kwa utani, mkono begani, mkono kiunoni. Walikuwa wanampapasa kujua kama amevaa deraya chini ya nguo. Hakuvaa. Misa ilipofika mahali palipopangwa, Bandini akamchoma, kisha Francesco akamwangukia akamchoma kwa hasira mpaka akajikata mguu wake mwenyewe. Giuliano alikutwa na majeraha 19. Lorenzo alipangiwa askari mzoefu, Montesecco, lakini askari yule alikataa kuua mtu kanisani. Wakawekwa mapadri wawili badala yake, ambao kanisani walikuwa kwao ila jambia halikuwa lao. Wakamkwaruza shingo tu. Lorenzo akaruka kwenye kibaraza cha kwaya, akakimbilia sakristia, milango ya shaba ikafungwa.

Nje, mzee Jacopo de' Pazzi akapita na farasi akipaza sauti ya uhuru wa wananchi. Watu wakamjibu kwa ukelele wa Medici, ile mipira ya nembo yao. Askofu mkuu wa Pisa, Francesco Salviati, akatundikwa dirishani mwa ikulu na mavazi yake. Bandini akakimbia mpaka Istanbul, lakini Sultani Mehmed II akamrudisha amefungwa. Akanyongwa mwaka uliofuata. Leonardo, kijana wa miaka 27, akasimama akamchora akining'inia, na pembeni akaandika rangi za nguo zake, kofia, koti na bitana. Sasa Wakili, niambie: hapo nani alifukuzwa?

Lilikuwa swali zuri, na Wakili hakuwa na jibu la haraka. Aliyejibu ni Mhasibu, ingawa hakukusudia kumsaidia.

MHASIBU: Kuna kufukuzwa kwa kutolewa nje na kuna kufukuzwa kwa kuachwa ndani bila chochote. Papa Sixtus IV alitaka kuununua mji wa Imola kwa ajili ya mpwa wake Girolamo Riario. Bei ilikuwa dukati 40,000. Lorenzo akasitasita kukopesha, hakutaka Papa aweke mguu jirani na Firenze. Pazzi wakatoa sehemu kubwa ya fedha ile. Papa akahamisha hesabu zake kutoka benki ya Medici kwenda kwa Pazzi. Baadaye wakachukua na biashara ya shabu, yale madini ya kushikisha rangi kwenye nguo, yaliyochimbwa Tolfa. Bila shabu hakuna kitambaa chekundu Ulaya nzima. Lorenzo akalipiza kwa njia ya mwanasheria. Binti Beatrice Borromei, mke wa Giovanni de' Pazzi, alikuwa mtoto pekee wa baba tajiri. Baba alipofariki ikapitishwa sheria kwamba binamu wa kiume watangulie mbele ya binti katika mirathi. Urithi ukaota mbawa kwa kikao kimoja. Vyeo vya serikali Pazzi walipata kwa kijiko. Walibaki na majumba mazuri na hawakuwa na pa kupeleka malalamiko, kwa sababu baraza ni la Lorenzo, mahakama ni ya Lorenzo, mifuko ya majina ni ya Lorenzo. Wakampelekea Papa.

WAKILI: Mama, umenipa hoja bure.

MHASIBU: Sijakupa, nimekukopesha.

Yaliyofuata yanajulikana. Pazzi walifutwa: nembo zao zilibanduliwa ukutani, jina likapigwa marufuku, aliyeoa binti wao akanyimwa cheo. Mwili wa Jacopo ulifukuliwa, watoto wakauburuta mitaani na kuutupa mto Arno. Papa akamtenga Lorenzo na Kanisa na kuanzisha vita pamoja na Napoli. Lorenzo aliokoka kwa kwenda mwenyewe Napoli, Desemba 1479, kumkabili Mfalme Ferrante bila jeshi. Ilikuwa kamari na alishinda. Lakini benki ilikuwa inaoza. Matawi ya London na Bruges yalikuwa yamekopesha wafalme na watawala wasiolipa, na Lorenzo aligusa fedha za umma kujiokoa. Miaka miwili baada ya kifo chake, benki ilikwisha.

Mwalimu alitaka kurejea kwenye michoro. Nikamkatalia, nikamwambia twende 1494, kwa maana mjadala wowote juu ya hoja hii usiopita 1494 umekwepa mtihani.

WAKILI: Mwaka 1494 Mfalme Charles VIII wa Ufaransa alivuka Alpi na jeshi la watu wapatao 25,000 na mizinga ambayo Italia haikuwa imeizoea. Nani alimwita? Ludovico Sforza wa Milano. Alikuwa akitawala kwa niaba ya mpwa wake, na mke wa mpwa huyo alikuwa mjukuu wa mfalme wa Napoli. Napoli wakalalamika kwamba kijana wao amenyang'anywa. Ludovico akaogopa. Na kumbukeni, yeye mwenyewe alikwisha kufukuzwa Milano mwaka 1477, akarudi 1479 akisaidiwa na Napoli hiyohiyo. Alijua kwa mwili wake jinsi mtu aliye nje anavyorudi. Wa pili aliyemchochea Charles ni Kardinali Giuliano della Rovere, aliyekimbia Roma kwa kumhofia Papa Alexander VI wa ukoo wa Borgia. Mwaka 1503 kardinali huyo akawa Papa Julius II, na miaka yake ya mwisho aliitumia kuwafukuza Wafaransa aliowapigia hodi.

MHASIBU: Na bili ikaja. Mwaka 1499 mfalme mwingine wa Ufaransa, Louis XII, alikuja kuidai Milano iwe yake. Kwa hati gani? Bibi yake, Valentina Visconti, aliolewa Ufaransa mwaka 1389. Mkataba wa ndoa ulisomwa upya baada ya miaka zaidi ya mia na mtu mwenye mizinga. Ludovico akafa mfungwa huko Ufaransa mwaka 1508.

WAKILI: Medici nao. Walifukuzwa 1494, wakarudishwa 1512 na jeshi la Wahispania, lililoanza kwa kuupora mji wa Prato ili Firenze waone. Wakafukuzwa tena 1527. Safari hii Papa Clement VII, Mmedici, alikubaliana na Kaisari Charles V, ambaye jeshi lake lilikuwa limeipora Roma yenyewe mwaka huo na kumfungia Papa ngomeni. Jeshi hilohilo akaliomba liuzingire mji wa baba zake, kuanzia 1529 hadi 1530. Mwalimu, nani alisimamia ngome za jamhuri dhidi ya Medici? Michelangelo, aliyekuwa akiwachongea Medici makaburi yao!

MWALIMU: Na baada ya vita alirudi akaendelea kuyachonga. Usisahau hilo.

WAKILI: Silisahau. Fundi anahitaji kula. Ila baada ya hapo jamhuri ilikwisha, Medici wakawa watawala wa kurithishana, Milano na Napoli zikawa chini ya Wahispania, na ikulu ndogondogo zilizobaki zikaishi kwa kuomba ulinzi wa wakubwa wa nje. Hiyo milango ishirini yako ilibaki, lakini funguo zilikuwa Madrid.

MWALIMU: Basi nitajie mji mmoja uliokuwa na koo zenye wivu na haukufukuza mtu.

WAKILI: Hakuna ambao haukufukuza. Lakini Venezia ilikaribia. Mwaka 1310 Baiamonte Tiepolo alijaribu mapinduzi, akafukuzwa, nyumba yake ikabomolewa. Tofauti ni kwamba Venezia waliutazama mkasa wa namna hiyo kama ugonjwa, na dawa walikwisha kuianza mapema. Mkuu wao, doji, alichaguliwa kwa utaratibu uliowekwa 1268: baraza linatoa watu 30 kwa bahati nasibu, wanachujwa kwa bahati hadi 9, hao 9 wanateua 40, wanachujwa hadi 12, hao wanateua 25, wanachujwa hadi 9, hao wanateua 45, wanachujwa hadi 11, hao wanateua 41, na hao 41 ndio wanaomchagua doji. Anayechomoa vile vijiwe vya kura ni mtoto wa kiume aliyeokotwa njiani. Ukoo gani utahonga njia ndefu kama hiyo? Na aliyeshindwa alibaki na kiti chake barazani, meli zake na nyumba yake. Hakuwa na sababu ya kwenda kwa Visconti.

MHASIBU: Amani ya wenye viti, mwanangu. Tangu 1297 baraza lilifungwa, familia zisizokuwamo zikabaki nje kwa karne tano, isipokuwa wachache walionunua nafasi wakati wa vita. Mvuvi na mjenzi wa meli hawakuingia. Na doji mwenyewe aliishi kama mfungwa mwenye mavazi mazuri. Doji Francesco Foscari alishuhudia mwanawe akihamishiwa Krete na kufia huko, kisha mzee mwenyewe akaondolewa madarakani 1457. Sitaki Venezia igeuzwe pepo hapa.

WAKILI: Si pepo. Nasema ilidumu mpaka 1797, na haikuangushwa na mtoto wake aliyefukuzwa, iliangushwa na Napoleon.

Genova tuliipita kwa sentensi moja, na nitaipita hivyohivyo: Doria na Spinola upande huu, Fieschi na Grimaldi upande ule, na kila aliyefukuzwa alitafuta bandari nyingine, ndiyo maana Grimaldi waliiteka ngome ya Monaco mwaka 1297 na kizazi chao kinatawala pale hadi leo.

Mwalimu alibakiza karata moja, na alijua kuitoa.

MWALIMU: Lakini nchi ikaungana, jamani! Na iliunganishwa na ukoo. Vittorio Emanuele II wa Savoia akawa mfalme wa Italia mwaka 1861. Ukoo uliokaa mlimani ukiwatazama wenzake wakimalizana, ukashuka na kuokota vipande. Sisi huku tunaujua: kilele kirefu cha Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, kinaitwa Margherita kwa jina la malkia wa Savoia, kwa sababu waliokipanda kwanza mwaka 1906 waliongozwa na Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi. Na Nyeri, Kenya, kwenye kanisa la ukumbusho wa Waitalia, amezikwa Amedeo wa Savoia-Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme Addis Ababa. Alijisalimisha kwa Waingereza Amba Alagi mwaka 1941 akafa mfungwa Nairobi mwaka 1942.

MHASIBU: Waliookota vipande walilipa kwa nini, Mwalimu? Mwaka 1858 waziri mkuu wao, Cavour, alikutana kwa siri na Napoleon III pale Plombières. Ufaransa ipigane na Austria, Savoia wapate Lombardia. Bei: mkoa wa Savoia na mji wa Nizza viende Ufaransa. Na juu yake binti wa mfalme, Clotilde, wa miaka 15, akaozwa kwa binamu wa Napoleon III aliyemzidi umri zaidi ya miaka ishirini. Nimesoma mikataba mingi ya mikopo. Dhamana ya binti ni ile ile ya Valentina, wamebadilisha karne tu.

WAKILI: Na ukoo huo nao ukaja kufungiwa lango. Tarehe 2 Juni 1946 Waitalia walipiga kura, wanawake wakiwamo: jamhuri milioni 12.7, ufalme milioni 10.7. Umberto II aliondoka kwenda Ureno. Katiba iliyoanza kutumika 1948 ikawakataza wafalme wa zamani, wake zao na wazao wao wa kiume kukanyaga Italia. Kwa nadharia yangu, huyu alipaswa kutafuta mgeni mwenye jeshi. Watu milioni kumi walimtaka! Hakutafuta. Nakiri hilo linanisumbua, ila nadhani sababu ipo: waliompigia kura hawakufukuzwa naye. Walibaki na nyumba zao, vyama vyao, magazeti yao na kura yao ya uchaguzi uliofuata. Alitoka mtu mmoja, upande wake ukabaki ndani.

Nilifunga mjadala hapo. Hoja ya Mwalimu, kama ilivyoandikwa, imeshindwa: koo ziliipa Italia michoro, lakini milango ya shaba na kuba la Firenze vilikuwa na wenyewe kabla yao, na mwaka 1494 uligharimu kuliko michoro yote. Mhasibu alikuwa na ushahidi mzito kuliko wote ila alitaka kila kitu kiwe deni, na Dante hakufukuzwa kwa sababu ya deni la benki. Ushindi nimempa Wakili, pungufu kwa ajili ya Venezia, ambayo aliipamba zaidi ya inavyostahili.

Marufuku dhidi ya ukoo wa Savoia iliondolewa mwaka 2002. Umberto II hakuifikia. Alifariki Geneva mwaka 1983, akazikwa penye makaburi ya mababu zake kwenye abasia ya Hautecombe, mkoani Savoia, ambako tangu 1860 ni Ufaransa.